Mbio za baiskeli za kupambana na saa: kutoka Karen na Kikuyu hadi Melbourne

Kila ikifika Julai, Tour de France inapoonyeshwa kwenye runinga, barazani kwetu huzuka ubishi ule ule. Mmoja atasema Chris Froome ni Mkenya. Mwengine atamjibu: Mkenya gani huyo, medali zote kachukulia Uingereza? Wa tatu, ambaye hajawahi kuzitazama mbio hizo hata dakika kumi, atauliza kwa nini siku nyengine wapanda baiskeli huondoka mmoja mmoja kama watu waliogombana.

Makala haya yanaanza na swali la huyo wa tatu, kisha yatawarudia wale wawili. Ubishi wao wote unakutana katika mashindano ya aina moja, mbio za kupambana na saa, na katika kipande kidogo cha ardhi upande wa magharibi wa Nairobi.

Kwa nini mmoja mmoja

Katika mbio za kawaida za barabarani watu 100 na zaidi huondoka pamoja na anayefika mwanzo ndiye mshindi. Hapo ujanja ni nusu ya kazi. Unajificha nyuma ya mwenzako, upepo unampiga yeye kifuani, wewe unakanyaga kwa nafuu ukingoja kilomita za mwisho. Timu tajiri huwa na watu sita au saba ambao kazi yao ni kumkinga mkubwa wao na upepo, kumletea maji, na kumpa gurudumu lao likipasuka lake. Mtu anaweza kushinda mbio ya saa sita na uso wake usionje upepo ila dakika tano.

Mbio za kupambana na saa zinaondoa hayo yote. Kila mtu hupandishwa peke yake juu ya jukwaa dogo lenye mteremko mbele yake. Msaidizi humshikia baiskeli kwa nyuma, saa inahesabu, kisha anaachiwa. Dakika moja baadaye, au mbili, huachiwa mwengine. Aliyetumia muda mchache zaidi ndiye bingwa, na wanaotarajiwa kushinda huachwa waondoke mwisho, ili watazamaji wasirudi makwao mapema.

Ukimkuta aliyekutangulia huruhusiwi kumganda mgongoni. Kanuni za UCI, shirikisho la baiskeli la dunia, zinataka umpite ukiacha nafasi ya mita 2 ubavuni, na aliyepitwa naye asikae karibu zaidi ya mita 25 nyuma yako. Kupitwa namna hiyo ni fedheha isiyofichika. Septemba 2025, mashindano ya dunia yalipofanyika Afrika kwa mara ya kwanza, mjini Kigali, Remco Evenepoel wa Ubelgiji alimkuta na kumpita Tadej Pogačar, bingwa wa Tour de France wa mwaka huo huo, katika safari ya kilomita 40.6. Pogačar alikuwa ameachiwa kabla yake. Hapakuwa na haja ya mtangazaji kueleza nani ni nani siku hiyo.

Kwenye Olimpiki jambo hili ni la zamani. Stockholm mwaka 1912 mbio za barabarani zilikuwa za namna hii, baadaye zikaachwa, na za mtu mmoja mmoja zikarudi Atlanta mwaka 1996 ambako Miguel Indurain wa Uhispania alishinda. Mashindano ya dunia ya wanaume yalizianzisha mwaka 1994.

Hesabu ya upepo

Wapwani hawana haja ya kufundishwa upepo. Ajuaye tofauti ya kusi na kaskazi, na aliyewahi kuendesha baiskeli kutoka Mtwapa kurudi Mombasa mwezi wa Juni akaona kama kuna mtu anamvuta shati kwa mbele, ameshajifunza somo la kwanza. Lililobaki ni hesabu yake, nayo ni kali. Mwendo ukizidi kilomita 40 kwa saa katika barabara tambarare, sehemu kubwa sana ya nguvu za mguu huishia katika kuisukuma hewa. Na hewa hailipishi kwa uwiano wa sawa kwa sawa. Ukitaka kuongeza mwendo wako mara mbili, nguvu unayohitaji kuishinda hewa inakuwa mara nane. Ndiyo maana mtu aliyezoea kwenda 40 akijaribu 45 huona ni kama amebadilishiwa baiskeli.

Kwa hiyo mpanda baiskeli wa mbio hizi hufanya kila awezalo ajifanye mdogo. Huinama mpaka mgongo unakuwa kama meza, viwiko vinakaribiana mbele juu ya usukani wa kulalia, kichwa kinashuka katikati ya mabega. Kofia yake ina mkia. Nguo yake imembana kama ngozi. Gurudumu la nyuma halina spoki zinazoonekana, limezibwa lote kama sinia ya pilau. Kila kimoja kati ya hivyo huokoa sekunde, na katika kilomita 40 sekunde hizo zikijumlishwa hutenganisha nafasi ya tatu na ya kumi na saba.

Hapa ndipo pana uongo mdogo katika sifa ya mbio hizi. Wafaransa huziita mbio za ukweli, kwa maana kwamba hakuna pa kujificha. Ni kweli kwa upande wa mguu na pafu. Lakini baiskeli maalumu ya mbio hizi, na magurudumu yake, bei yake kwa urahisi inanunua pikipiki tano za bodaboda. Mtu akifika mstarini na baiskeli ya kawaida, saa haimuulizi kwao wana shida gani.

Tuilete Nairobi

Kwa anayeijua Nairobi, tuchore njia ya kufikirika ili kilomita hizi ziwe na sura. Jukwaa tuliweke chini ya KICC. Mpanda baiskeli anateremka, anaikata Uhuru Highway, anapanda kuelekea Upper Hill na kuingia Ngong Road. Anapita Adams Arcade, anapita Dagoretti Corner, kisha majengo yanapungua, msitu wa Ngong unaanza, uwanja wa mbio za farasi unabaki pembeni, na mwisho anafika kwenye mzunguko wa barabara pale Karen. Ni karibu kilomita 18. Akigeuka na kurudi mjini amekamilisha karibu kilomita 36, umbali ambao haujapishana sana na wa mashindano ya dunia.

Mtu wa daraja la juu angeimaliza safari hiyo kwa chini ya dakika 50, kwenda na kurudi. Waliopanda matatu kutoka mjini kwenda Karen saa kumi na moja jioni, hasa siku ya mvua, watanisamehe kwa kuandika sentensi hiyo.

Njia hiyo ingekuwa ngumu kwa sababu mbili ambazo Mombasa hazipo. Ya kwanza, inapanda. Si mlima wa kumfanya mtu ashuke, bali ni kupanda kwa taratibu kusikoisha, kunakomla mtu bila kumwonya. Mwenye pupa atamaliza nguvu zake Dagoretti Corner, na Karen bado. Ya pili ni hewa yenyewe. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kwa kiasi cha asilimia 15 kuliko ya Mombasa. Wepesi huo unasaidia mwendo, kwa kuwa kuna hewa kidogo ya kusukuma. Ndiyo maana Eddy Merckx, alipotaka kuvunja rekodi ya dunia ya saa moja mwaka 1972, alikwenda Mexico City, juu zaidi ya Nairobi, akapata kilomita 49.431. Lakini hewa hiyo hiyo nyepesi humnyima mpandaji oksijeni. Aliyezaliwa na kukulia kule amezoea. Akishuka kwetu hujiona ana mapafu mawili ya ziada, ila joto ndilo linalomkomesha.

Nyumba ya mabati Mai-a-Ihii

Christopher Froome alizaliwa Nairobi tarehe 20 Mei 1985, wazazi wenye asili ya Uingereza. Baba na mama walipoachana alibaki na mama yake, Jane, aliyekuwa mtaalamu wa kuchua na kunyoosha viungo, na makazi yao yalikuwa Karen. Alisoma shule ya msingi ya kulipia, Banda, karibu na mbuga ya wanyama. Hadi hapo ni maisha ya kawaida ya watoto wa kizungu wa upande ule wa jiji: bustani kubwa, ua mrefu, mlinzi getini.

Kisicho cha kawaida ni alikokwenda alipopata umri wa miaka 12 hivi. Mama yake alimkutanisha na David Kinjah, mpanda baiskeli mwenye nywele za rasta, aliyekuwa kinara wa mchezo huo Kenya na aliyekuwa akiishi Mai-a-Ihii, kijiji cha Kikuyu. Kutoka Karen hadi Kikuyu ni kilomita 10 na kitu, kwa njia inayopita Dagoretti. Kwa baiskeli ni nusu saa. Kwa maisha ni mbali zaidi ya hapo. Kinjah alikuwa na nyumba ya mabati iliyojaa fremu, minyororo, tairi zilizotobolewa na vijana wa kijiji wanaojifunza kutengeneza na kuendesha. Yule kijana wa Karen akawa analala huko, akila walichokula wenzake, akijifunza Kiswahili na maneno ya Kikikuyu. Walimpa jina la Murungaru kwa sababu ya urefu na wembamba wake. Kundi hilo la Kinjah ndilo lijulikanalo kama Safari Simbaz.

Mazoezi yao yalikuwa milima ya Ngong, ambayo kilele chake kinapita mita 2,400, na barabara za kuteremkia Bonde la Ufa. Ukishateremka kule huna budi kupanda tena kurudi nyumbani. Hakuna mwalimu wa mbio za kupambana na saa aliye bora kuliko huyo: kundi linamwacha mtoto, naye anabaki peke yake na mlima na jua, hana wa kumkinga.

Nataka kusema jambo juu ya Kinjah ambalo mara nyingi hupita kama tanbihi katika habari za Froome. Huyu hakuwa fundi wa kijijini aliyebahatika kumfundisha mtoto wa watu. Alikuwa mshindani mwenyewe, aliyevaa jezi ya Kenya miaka mingi, na mapema miaka ya 2000 aliwahi kupata nafasi katika timu ya Italia, jambo ambalo kwa Mwafrika mweusi wakati ule lilikuwa karibu halijasikika. Nafasi haikudumu, akarudi Kikuyu. Wakati wake wa kuwa bora ulipita akitafuta mbio za kushindana, si akizishinda.

Melbourne, 21 Machi 2006

Froome alipelekwa Afrika Kusini kusoma akiwa na miaka 14, lakini leseni yake ya baiskeli ilibaki ya Kenya. Ndiyo maana Michezo ya Jumuiya ya Madola ilipofanyika Melbourne, Australia, Machi 2006, alikuwamo katika timu ya Kenya pamoja na mwalimu wake Kinjah.

Mbio za wanaume za kupambana na saa zilifanyika tarehe 21 Machi, kilomita 40, kando ya ufuo wa St Kilda. Ufuo maana yake upepo wa bahari, bila mlima wa kumsaidia kijana mwembamba wa Ngong. Mwenyeji Nathan O'Neill alishinda kwa dakika 48 na ushei, Mwaustralia mwenzake Ben Day akawa wa pili, na Gordon McCauley wa New Zealand wa tatu. Mkenya Froome, miaka 20, alimaliza wa 17.

Nafasi ya 17 haipigiwi mtu vigelegele. Magazeti ya Nairobi siku hiyo yalikuwa na wanariadha wa kuandikwa. Lakini kuna watu ambao kazi yao ni kusoma orodha ya matokeo kuanzia chini kwenda juu. Wakuu wa baiskeli wa Uingereza, akiwemo Dave Brailsford, waliliona jina lile, wakaona na vifaa alivyokuwa navyo ukilinganisha na vya wenzake, wakaliweka kichwani. Wao hawakuhesabu nafasi. Walihesabu ni sekunde ngapi zilipotea kwa sababu ya mguu na ngapi kwa sababu ya chuma.

Miezi sita baadaye yalikuja mashindano ya dunia ya vijana wa chini ya miaka 23, Salzburg, Austria. Kisa chake Froome amekisimulia mwenyewe katika kitabu chake cha mwaka 2014, nacho kinachekesha hadi mtu anapofikiria mara ya pili. Kwa kuwa alikuwa na njia ya kuingia katika barua pepe ya mkuu wa shirikisho la Kenya, alijiandikia mwenyewe maombi ya kushiriki kwa jina la mkuu huyo. UCI wakakubali. Akaenda peke yake. Mkutano wa mameneja wa timu ulipoitishwa, meneja wa Kenya alikuwa ni yeye, amefika kwa baiskeli, amelowa.

Siku ya mbio akateremka kutoka jukwaani, na kabla hajafika mbali akamgonga mmoja wa wasimamizi, wakaanguka wote wawili. Akainuka, akapanda tena, akamaliza wa 36. Bingwa siku ile alikuwa Dominique Cornu wa Ubelgiji.

Wengi hukitumia kisa hicho kuonyesha ujasiri wa Froome, na ujasiri upo. Mimi huona kingine. Ili Mkenya asimame juu ya jukwaa lile, ilibidi awe na uwezo wa kujilipia nauli, kuandika Kiingereza cha ofisini, na kujiamini kwamba akigundulika hatafungiwa maisha. Yupo kijana wa Mai-a-Ihii aliyekuwa na miguu ile ile? Huenda alikuwepo, huenda hakuwepo. Jukwaa halikuwahi kumpima.

Medali na bendera

Baadaye mambo yalikwenda haraka. Mwaka 2007 alipitia kituo cha UCI kule Aigle, Uswisi, kinacholea wapanda baiskeli wa nchi ambazo mchezo huu haujakomaa. Mwaka 2008 alibadilisha leseni kuwa ya Uingereza na kuingia Tour de France kwa mara ya kwanza, akamaliza wa 84. Mama yake alikuwa amefariki majuma machache kabla, kwa saratani.

Halafu kikaja kipindi cha kupotea, na hapa wasomaji wa Kwale na Tana River watakielewa kuliko Wazungu walioandika habari zake. Mwishoni mwa 2010 vipimo vilionyesha ana kichocho. Ugonjwa huu wa konokono wa maji baridi hula damu ya mtu kidogo kidogo, na mchezo wa baiskeli ni mchezo wa damu nyekundu. Mtoto wa shule mwenye kichocho husinzia darasani. Mpanda baiskeli mwenye kichocho hushika mkia mlimani na hajui kwa nini. Baada ya matibabu, mwaka 2011, katika mbio ya kupambana na saa huko Salamanca kwenye Vuelta ya Uhispania, alikuwa wa pili nyuma ya Mjerumani Tony Martin, akavaa jezi ya kiongozi. Ushindi wa Vuelta ile alikuja kupewa mwaka 2019, mshindi wa awali alipofutwa.

Orodha ya yaliyofuata ni ndefu, nitaipita mbiombio: Tour de France mara nne, 2013, 2015, 2016 na 2017, Vuelta tena 2017, Giro d'Italia 2018. Katika mbio za saa hasa, alipata shaba Olimpiki ya London 2012 nyuma ya Bradley Wiggins na Tony Martin, shaba tena Rio 2016 nyuma ya Fabian Cancellara na Tom Dumoulin, na shaba ya dunia Bergen, Norway, 2017. Zote tatu ziliandikwa Uingereza. Kenya katika Rio ilipata dhahabu sita, zote za riadha, na hakuna aliyeuliza kuhusu shaba ya baiskeli.

Mbio zilizomtambulisha ndizo zilizomvunja. Tarehe 12 Juni 2019, huko Roanne, Ufaransa, alikuwa akiipitia njia ya mbio ya kupambana na saa, mchana wake ashindane. Alitoa mkono mmoja kwenye usukani apenge kamasi. Upepo ukapiga gurudumu la mbele wakati yuko kwenye mwendo wa kilomita 54 hivi kwa saa, akajibamiza ukutani. Paja, kiwiko, mbavu. Alirudi barabarani, lakini hakurudi kuwa yule.

Kwa wale wawili barazani

Sasa, ni Mkenya au si Mkenya? Kwa karatasi aliacha kuwa mpanda baiskeli wa Kenya mwaka 2008, na hilo halina ubishi. Kwa malezi ya mchezo wake, alitengenezwa Kenya, na fundi wake alikuwa Mkenya mweusi wa Kikuyu ambaye hajawahi kupata nusu ya kilicholipwa kwa kazi ile. Anayesema Kenya iliporwa anasahau kwamba Kenya haikuwa na kitu cha kumpa abaki. Na anayesema tusimtaje kabisa anamfuta Kinjah pamoja naye.

Mimi kinachoniuma si bendera. Ni kwamba mlango ule ulipitiwa na mwenye pasi mbili, ukafungika nyuma yake. Mwaka 2008 mpiga picha wa Singapore, Nicholas Leong, aliwachukua vijana wawili wa Eldoret, Zakayo Nderi na Samwel Mwangi, akawapeleka Alpe d'Huez, mlima maarufu wa Tour de France, wapande kila mtu na saa yake. Nderi alifika juu kwa dakika 42 na ushei, muda ambao mpanda baiskeli wa kulipwa asingeuonea haya sana. Wakaandikwa, wakasifiwa, wakarudi nyumbani. Kutoka juhudi hizo za Iten na Eldoret ndiko alikotokea Suleiman Kangangi, nahodha aliyemaliza wa tatu katika Tour of Rwanda mwaka 2017, Mungu amrehemu. Alifariki Agosti 2022 katika ajali mashindanoni Vermont, Marekani.

Majirani hawakungoja. Rwanda ilijenga mbio zake hadi ikapewa dunia nzima ije. Uganda imepata Charles Kagimu, aliyetwaa ubingwa wa Afrika wa mbio za kupambana na saa Oktoba 2024. Na wapi? Eldoret, katika ardhi ya Kenya.

Kinachotisha zaidi kwa sasa ni kupungua kwa milango. Melbourne ilimpa kijana wa Kenya nafasi ya kuonekana akiwa wa 17, kwa sababu Michezo ya Jumuiya ya Madola ilikuwa haiwafungii wadogo nje. Michezo ya Glasgow ya mwaka 2026 imepangwa bila baiskeli za barabarani. Zimebaki zile za ndani ya uwanja wa mbao, na uwanja wa ndani wa namna hiyo Kenya hatuna hata mmoja. Kwa kijana aliye Mai-a-Ihii leo, au Kisauni, jukwaa lililomwinua Froome mwaka huo halipo.

Barazani, nilipoyaeleza haya, yule wa tatu alikaa kimya, kisha akauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake. Expressway ya Nairobi, alisema, ni kilomita 27 kutoka Mlolongo, inapita katikati ya jiji juu kwa juu mpaka Westlands, haina njia panda, haina matuta, haina ng'ombe. Baiskeli haziruhusiwi kuikanyaga siku yoyote. Lakini tangu mwaka 2022 wameshaifunga kwa ajili ya wakimbiaji wa marathoni, na jiji halikuanguka. Basi inashindikana nini kuwafungia na hawa asubuhi moja ya Jumapili, mmoja mmoja, kila mtu na saa yake?